Barua ya wazi kwa wanaosimamia mikoko ya Mombasa: pandeni mlilana pahali pa mlilana

Kwa serikali ya kaunti, kwa maafisa wa misitu na wa mazingira, na kwa kila anayelipia miche inayopandwa kandokando ya hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, za Tudor, Port Reitz na Mtwapa.

Waheshimiwa, salaam.

Kila mwaka maelfu ya vijiti vya kijani huchomekwa kwenye matope ya hori zetu. Kila kijiti ni mbegu ya mkoko, iliyoota ikiwa bado juu ya mama yake, na ndiyo rahisi kuliko zote kuokota, kubeba na kupanda. Tunawashukuru wanaojitokeza kuipanda, wakiwemo wanafunzi wanaoshinda na matope hadi magotini. Lakini mara nyingi mno vijiti hivyo huwekwa kwenye mstari wa mbele kabisa wa maji, na pale si pa mkoko. Pale ni pa mlilana, mti mwingine wa maji chumvi.

Neno lenyewe limetuponza. Tunaposema "mikoko" tunamaanisha msitu mzima wa maji chumvi, ilhali mkoko ni mti mmoja tu ndani ya msitu huo. Pwani ya Kenya ina aina tisa. Mvuvi au fundi wa mashua hawezi kuzichanganya, kwa sababu kila moja ina kazi yake. Mkandaa una gome la kutia rangi na kulainisha ngozi, mkomafi una mbao nzuri za samani, mkoko hutoa boriti, na mlilana hutoa mataruma, yaani mbavu za mashua, hata mizizi yake ya kupumulia ikachongwa maboya ya nyavu. Kwenye karatasi za ofisini aina zote hizo hugeuka neno moja, mikoko, na msimamizi wa kazi akifika ufuoni hupanda ule ambao jina lake limeandikwa.

Mpangilio wa msitu, ukitoka baharini kuelekea nchi kavu, unafahamika. Mbele kabisa husimama mlilana. Nyuma yake huja mkoko, kisha muia, kisha mkandaa, na mwishoni, kwenye chumvi kali ambako maji hufika wakati wa bamvua peke yake, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, mchu na kikandaa. Mchu ndio una tabia ya kuonekana pande zote mbili, mbele na nyuma. Mpangilio huu umeletwa na urefu wa ardhi, ukali wa chumvi, nguvu ya mawimbi na saa ambazo kila mti unaweza kukaa chini ya maji. Hapa Mombasa, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo tofauti ya nusu mita ya ardhi inatosha kuua mche.

Mlilana si mgumu kuutambua. Hauna miguu ya kujishikia kama mkoko. Shina lake huingia matopeni moja kwa moja, na kulizunguka huchomoza mizizi ya kupumulia, minene chini na iliyochongoka juu kama pembe. Ile ya mchu ni myembamba kama penseli. Jani la mlilana ni nene na la mviringo, halina ncha kali. Tunda ni duara, la kijani, limekaa juu ya kikombe chenye ncha kama nyota, na kidole chembamba kimechomoza juu yake. Ndani mna mbegu ndogo zilizopinda, zaidi ya 100.

Kwa nini mkoko hufa ukiwekwa pahali pa mlilana? Mkoko mchanga hauna bado ile mizizi ya upinde. Mwaka wa kwanza unasimama kwa kijiti kile kile mlichochomeka. Pale mbele, kila maji yakijaa hutikiswa, na kila ukitikiswa tundu linapanuka. Halafu hukaliwa na wale kome wadogo wenye magamba makali wanaoganda kwenye miamba na kwenye matumbo ya mashua. Kijiti chenye majani manne kikibebeshwa ganda la chokaa kuanzia chini hadi juu huinama, majani hugusa matope, na hapo mche umekwisha. Ufilipino walipitia haya kwa miaka mingi. Walipanda jamii ya mkoko ufuoni ambako awali palikuwa na jamii ya mlilana na mchu, wakatumia fedha nyingi, na sehemu kubwa ya miche ikafa. Hatuna haja ya kulipia somo hilo mara ya pili.

Tena msitu haukai kwa miti peke yake. Kila mti una walaji wake, na anayepanda bila kuwajua hupanda chakula chao akidhani anapanda msitu.

Anzeni na ua. Ua la mlilana hufunguka jioni. Nyuzi zake nyeupe hutandaza kama brashi ya kunyolea, na chini yake kikombe hujaa maji matamu. Kufikia asubuhi nyuzi zile zimeanguka na zinaelea juu ya maji. Ua la usiku mmoja, jeupe na lenye sharubati nyingi namna hiyo, ni ua la popo na nondo wakubwa. Popo wale wale wanaokula matunda, ambao pia huhudumia maua ya mbuyu, ndio wenye nguvu ya kuvuka maji usiku wakibeba chavuo kutoka mlilana mmoja hadi mwingine. Hili linagusa idara ambayo hufikiri haihusiki na mikoko. Taa kali zikielekezwa kwenye maji usiku kucha, na miti mikubwa ya mjini wanakolala popo ikikatwa, huenda tukabaki na mililana inayochanua bila kuzaa ya kutosha. Taa za kando ya hori zifunikwe juu na zielekezwe chini, barabarani. Ni kazi ya fundi mmoja na bati.

Jani likianguka, chini wanalingoja kaa na tondo, yule konokono wa matopeni. Tondo mkubwa hula majani yaliyoanguka. Mkiweka jani moja kwenye matope maji yakiwa yamepwa, baada ya muda mtawakuta tondo kadhaa wamelizunguka, kila mmoja anakwangua ukingo wake. Tondo wadogo hawali majani, wao hulamba utando wa juu ya matope. Kwa hiyo anayekusanya tondo wakubwa wote kwa ajili ya chambo anaondoa kundi zima la wala majani. Kaa nao huvuta jani hadi shimoni. Hiyo ndiyo mbolea ya msitu. Jani lililovutwa chini halichukuliwi na maji kwenda baharini, na shimo lenyewe huingiza hewa kwenye matope yasiyokuwa nayo. Jani la mlilana lina ukakasi mdogo kuliko la mkoko, huoza haraka, na chakula chake huzunguka upesi. Mkigeuza mstari wa mbele kuwa mkoko mtupu mnabadilisha jiko zima la kaa, kamba na samaki wachanga.

Mkoko nao una wake. Kule Mida, karibu na Watamu, watafiti wamemchunguza kaa mdogo anayeishi kwenye mizizi ya mkoko na ambaye hupanda hadi kileleni mara mbili kwa siku kula majani mabichi na machipukizi, kisha hushuka. Hatuusemi vibaya mkoko. Tunasema una wenyewe, na uachwe kwenye mstari wake.

Kaa hao hao hula mbegu na hukata miche. Upande wa nchi kavu, kwenye mchu, wanaweza kumaliza mbegu zilizomwagwa kabla hazijashika mizizi. Huko huko mbuzi na ng'ombe huingia kula majani ya mchu, na mche uliokatwa kichwa mara tatu hauwi mti. Dawa ya kaa ni kupanda mche uliokomaa, wenye shina gumu, si mbegu tupu. Dawa ya mbuzi ni makubaliano na wenye mifugo wa mtaa ule, wakihusishwa mapema kabla mche wa kwanza haujashuka ufuoni, na ua wa fito kwenye njia wanazopitia.

Sasa tufike kwenye jambo linalotutia hofu zaidi. Mililana mikubwa ya pwani yetu inakauka matawi kwa sababu ya wadudu wanaotoboa mbao. Gazi, kule Kwale, wametambuliwa wawili: kiwavi wa nondo anayeitwa kitaalamu Salagena discata, na mbawakawa mwenye vipapasi virefu, Bottegia rubra. Wote wawili hulea watoto wao ndani ya tawi. Ukilitazama kwa karibu utaona matundu, unga wa mbao, na mara nyingine utando uliochanganyika na uchafu wa kiwavi juu ya gome. Majani yaliyo mbele ya tundu huwa ya manjano, huanguka, na tawi hubaki jeupe kama mfupa. Likiguswa tawi moja mti huishi. Yakiguswa mengi, mwaka hadi mwaka, mti husimama mkavu.

Tunaomba kwa nguvu zetu zote pasinyunyizwe sumu ya wadudu. Kaa na kamba ni ndugu wa karibu wa wadudu, na sumu inayomuua kiwavi juu ya tawi itawaua wao chini yake maji yakijaa. Isitoshe, nondo huyu na mbawakawa huyu ni wenyeji, wana nafasi yao, na kigong'ota ana haki ya chakula chake. Kinachotakiwa ni kupunguza mzigo juu ya mti. Mara mbili kwa mwaka watu waliofunzwa wapite maji yakiwa yamepwa, wakiwa na msumeno wa mkono, si panga. Tawi likatwe sentimita 15 hadi 20 chini ya tundu la mwisho, kwenye mbao nzima. Mkishakata, tazameni uso wa mkato. Ukiwa na njia nyeusi katikati, kiwavi au mbawakawa bado yuko chini, kateni tena. Vipande visiachwe matopeni wala kutupwa majini. Vipelekwe nchi kavu na kuchomwa siku hiyo hiyo, maana walio ndani wanaweza kumalizia kukua wakaruka. Mlilana huchipua tena ukikatwa vizuri, kama mchu. Mkoko hauna uwezo huo: tawi nene la mkoko lililokatwa nyuma ya majani halitoi chipukizi, kwa hiyo kanuni hii isihamishiwe kwenye mkoko.

Kazi hiyo inahitaji kibali, na hapo ndipo inapokwama. Mikoko yote ya pwani ni msitu wa serikali tangu 1932, na mwaka 2018 ukataji uliwekewa amri ya kusimamisha. Hatuombi msitu ufunguliwe kwa wakataji. Tunaomba fomu moja, ya ukurasa mmoja, ya kibali cha kupogoa matawi yenye wadudu, inayotaja eneo, tarehe, idadi ya miti na jina la afisa atakayekuwepo. Bila hiyo, anayeshika msumeno kuokoa mti anaweza kukamatwa sawasawa na mwizi wa boriti.

Kuhusu miche, tunajua jibu ambalo limekuwa likitolewa: miche ya mlilana haipatikani. Ni kweli kwa sasa, lakini inaweza kuotishwa, na Gazi mlilana ulipandwa tangu miaka ya 1990 ukawa msitu. Kinachohitajika ni subira ya miezi kadhaa na kiasi kidogo cha maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi.

Okoteni matunda yaliyoanguka yenyewe, au yale yanayotoka kwa kuzungushwa kidogo tu. La kuvutwa kwa nguvu bado. Yaloweke kwenye ndoo, kivulini, mkibadilisha maji kila siku, kwa siku 5 hadi 7, mpaka nyama iwe laini kama ya pera lililooza. Pondeni kwa mkono, sugueni kwenye chekecheke, mbegu zioshwe na zipandwe siku hiyo hiyo; hazihifadhiki. Tuta liwe la matope yaliyochanganywa na mchanga, mbegu zifunikwe kidogo tu, unene wa ganda la embe. Makosa mawili huua miche hapa. La kwanza ni kulimwagia tuta maji ya bahari matupu. Mlilana mchanga hupenda maji yaliyopunguzwa chumvi, kwa hiyo anzeni nusu kwa nusu, mtungi mmoja wa lita 20 wa maji baridi kwa mmoja wa bahari, kisha mwongeze chumvi polepole mpaka mwezi wa mwisho kabla ya kupanda miche iwe imezoea maji ya hori yenyewe. Tunajua mtungi wa maji mtaani hununuliwa, na bajeti iutaje waziwazi. Kosa la pili ni kuweka tuta pahali penye mkondo. Wimbi moja la mashua ya injini huondoa mbegu zote. Tuta lifunikwe kwa wavu wa macho madogo, uzuie mkondo na kaa kwa pamoja.

Miche ikiwa na majani manne ihamishiwe kwenye mifuko ya kitalu ya inchi 4 kwa 6, na isishushwe ufuoni kabla ya kufika sentimita 40 hadi 50. Hesabu yake haitishi. Ufuo wa mita 100, mkanda wa upana wa mita 10, nafasi ya mita 2 kwa 2, ni miche 250. Ongezeni 50 ya kuziba mapengo, jumla 300. Matunda 20 yana mbegu zaidi ya 2,000, kwa hiyo hata zikifa nyingi kitaluni mtabaki na ziada. Linganisheni na mikoko ya mita moja kwa moja, ambayo eneo hilo hilo lingemeza vijiti 1,000.

Siku ya kupanda ichaguliwe kwa kalenda ya maji, si kwa ratiba ya mgeni rasmi. Bamvua ikishaanza kupungua, mche hupata siku kadhaa za mikondo midogo kabla bamvua nyingine haijaja. Kusi likiwa kali, acheni kabisa kwenye fuo zilizo wazi. Shimo liingie donge zima la udongo wa mfuko, mfuko utolewe na kurudishwa nyumbani, matope yabanwe kwa mikono kuzunguka shina, si kwa visigino. Mche ufungwe kwenye fito iliyosimama upande yanakotoka mawimbi. Msipande palipo chini ya mizizi ya kupumulia ya mililana iliyopo. Mizizi hiyo ndiyo kipimo chenu cha chini kabisa. Ikiishia pahali, na nyinyi ishieni hapo.

Hilo la mwisho tunalisisitiza. Yale matope matupu yanayoonekana maji yakipwa, mbele ya msitu, si ardhi iliyoharibika inayongoja miti. Ni malisho. Sululu hudonoa pale, na ndege wengine wa kuhama wanaofika na kaskazi, na wachimba chambo hutafuta riziki pale. Kuyapanda ni kupoteza miche na malisho kwa pamoja.

Yapo maeneo ambayo kweli yaliharibika, na hayo ndiyo yangepewa kipaumbele. Mafuta yalimwagika hori ya Makupa mwaka 1988, na Port Reitz mwaka 2005, yakaua miti. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo hadi hori ya Mwache ukafukia mizizi ya kupumulia, na mti uliofukiwa mizizi hufa kama mtu aliyezibwa pua. Tangu daraja la Makupa lilipofunguliwa 2022, maji yanapita pale palipokuwa na tuta la barabara. Maeneo kama hayo yapimwe kwanza: maji yanafika saa ngapi, yanakaa saa ngapi, matope yana harufu ya mafuta au la, taka za plastiki zimeziba wapi. Penye mkondo uliofunguka na miti mama karibu, mara nyingi mbegu huja zenyewe, na kazi yenu hubaki kuondoa takataka na kuzuia mbuzi. Hapo msitumie hata shilingi ya miche.

Mombasa ina hekta 3,771 za mikoko kati ya hekta 61,271 za nchi nzima, na lengo la taifa ni miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tunaelewa shinikizo la idadi. Ndiyo maana tunapendekeza mkataba wowote wa upandaji ulipwe kwa awamu: asilimia 30 mche ukipandwa, asilimia 30 ukiwa hai baada ya miezi 6, na asilimia 40 ukiwa hai baada ya miezi 24. Fomu ya hesabu iwe na safu ya kila jina: mlilana, mkoko, muia, mkandaa, mchu, kikandaa, mkomafi. Isiwe na safu iitwayo "mikoko". Na anayehesabu asiwe yule yule aliyelipwa kupanda.

Kwa mwaka huu tunaomba vitu vitatu tu: kitalu kimoja cha mlilana katika hori ya Tudor chenye tangi la maji baridi la lita 5,000, fomu ile ya kibali cha kupogoa, na afisa mmoja wa kushuka nasi matopeni maji yakiwa yamepwa, akiwa na kamba ya kupimia, ili tutie alama pamoja mstari wa chini wa mizizi ya mililana kabla ya msimu ujao wa upandaji. Buti tutamwazima.

Ni sisi,
Watunza vitalu na wapanda miti wa kandokando ya hori za Mombasa